Kurasa kumi na mbili tupu

Kijitabu kilichokuwamo kwenye kasha la CD kilikuwa na kurasa 12, na hata moja haikuandikwa kitu. Hapakuwa na majina ya nyimbo, hapakuwa na mashairi, hapakuwa na shukrani kwa mtu yeyote. Nilizipekua mara mbili nikiwa ndani ya gari, injini inawaka ili joto lisikatike, nikadhani wachapaji wamekosea na mimi nimeangukiwa na nakala mbovu. Jalada la nje lilikuwa limekatwa matundu mawili yenye umbo la mabano, basi. Na hilo ndilo jina la albamu: ( ). Mabano yasiyo na kitu ndani.

Ilikuwa mwanzoni mwa Januari 2012, mjini Minneapolis, ambako siku hizo za mwanzo wa mwezi jua hutua kabla ya saa kumi na moja. Aliyenipa CD ile ni mkalimani mwenzangu wa hospitali, wa lugha nyingine, mtu mzima aliyeanza kazi hii miaka mingi kabla yangu. Mchana ule alinikuta nimekaa kwenye korido nimeinamisha kichwa. Hakuniuliza kilichotokea. Sisi wakalimani hatuulizani, kwani tunayoyasikia vyumbani ni siri za watu. Alikwenda kwenye gari lake, akarudi na kasha mkononi, akaniambia niisikilize kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuruka, na nisihangaike na maneno.

Lakini mimi kazi yangu ni maneno. Ndiyo yaliyonilisha tangu nifike Marekani, na maneno yale yale ndiyo yaliyokuwa yamenikalisha kwenye ile korido.

Nitaeleza kilichotokea, ila nimebadilisha yale ambayo yangeweza kumtambulisha mtu. Bi mkubwa mmoja kutoka Kivu alikuwa akielezwa na daktari kuhusu upasuaji. Kiswahili chake na changu ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Mimi ni wa Unguja, yeye ni wa milimani huko mashariki ya Kongo. Nasema "asante", yeye anasema "aksanti", na tukienda taratibu tunaelewana vizuri kabisa. Daktari alieleza kwa utaratibu wataanzia wapi, wataondoa nini, hatari zake ni zipi. Nikafasiri sentensi kwa sentensi. Mwisho akauliza kama mgonjwa anakubali. Bi mkubwa akanitazama mimi, si daktari, akasema:

"Mmh."

Nami nikasema kwa Kiingereza: ndiyo, nakubali.

Asiyeijua kazi hii aelewe kitu kimoja. Mkalimani husema kwa nafsi ya yule anayemsemea. Mgonjwa akisema "naumwa", nami nasema "naumwa", sisemi "anasema anaumwa". Kwa hiyo sikusema kwamba mama yule amekubali. Nilisema nakubali, kwa kinywa changu, kuhusu mwili wa mwenzangu. Daktari akasogeza fomu. Kalamu ilikwisha kutolewa mfukoni pale mjukuu wake, binti wa skuli aliyekuwa amekaa kimya pembeni, aliposimama. "Bibi hajakubali," alisema. "Hivyo ndivyo anavyofanya akiogopa."

Nikamgeukia bi mkubwa, nikamuuliza kama nilivyopaswa kumuuliza mwanzo. "Mama, nisamehe. Umekubali, au bado?"

Hakukasirika. Alivuta kitenge chake begani, akanijibu polepole: "Mwanangu, nilikuwa bado niko njiani."

Fomu ikawekwa kando. Daktari akavuta kiti, wakaanza upya, na safari hii mama aliuliza maswali matano au sita ambayo kumbe alikuwa nayo muda wote. Hakuna aliyedhurika. Lakini mimi nilitoka mle chumbani miguu haina nguvu.

Kila aliyekua ndani ya Kiswahili anaijua mmh. Iko ya kukubali, fupi, inayoshuka. Iko ya kukataa, inayokatika katikati. Iko ya mshangao, inayopanda hadi puani. Iko ya aliyeonja mchuzi akaona chumvi imezidi na hataki kumvunjia mpishi heshima. Iko ya mfiwa anapotajiwa jina la marehemu wake. Mtoto wa miaka miwili anazitambua zote. Mimi niliyesomea kazi na kuifanyia mtihani nilisikia moja tu, kwa sababu daktari alikuwa anangoja neno na mimi nilitaka kumpa.

Basi niliitia ile CD kwenye redio ya gari jioni ile, nikaanza safari ya kurudi nyumbani.

Sauti ya kwanza ni mkwaruzo mfupi, kama kitu kimebofywa kwenye chumba kikubwa. Kisha kinanda kinachofanana na cha kanisani, kinapumua, na nyuma yake sauti ya binadamu inayojirudia. Halafu anaingia mwimbaji. Sauti yake ni nyembamba, ya juu sana, sikujua mara moja kama ni ya mwanamume, mwanamke au mtoto. Nikafanya lile ninalolifanya kila siku, nikakaza masikio kutafuta maneno. Nilidhani ni Kiingereza cha lafudhi ngeni. Halafu nikadhani ni lugha ya kwao. Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye gari, nikachukua penseli, nikafungua ukurasa wa kwanza wa kile kijitabu kitupu na kuanza kuandika silabi nilizozisikia, kama tunavyofundishwa kufanya na jina geni.

Niliandika mistari kama sita. Kwenye wimbo wa pili niliona naandika tena vitu vile vile. Ulipofika wa nne nikaweka penseli chini.

Baadaye nilijua kwa nini. Kundi linaitwa Sigur Rós, la Reykjavík, Aisilandi. Lilianzishwa mwaka 1994 na kupewa jina la mdogo wake mwimbaji, Sigurrós, mtoto mchanga wakati huo. Albamu ya kwanza, ya mwaka 1997, waliiita Von, yaani Tumaini, na ile iliyowatangaza duniani, Ágætis byrjun ya mwaka 1999, imeimbwa zaidi kwa Kiaislandi. Lakini hii ya mabano, iliyotoka Oktoba 2002, haina Kiaislandi wala lugha yoyote yenye kamusi. Inaimbwa kwa kile wanachokiita Vonlenska, jina lililoungwa kutokana na von na neno linalotaja lugha yao wenyewe. Kwa Kiswahili ningekiita Kitumaini. Hakina msamiati, hakina sarufi. Ni silabi tu ambazo mwimbaji huzitumia sauti inapokuwa imekuja na maneno bado hayajaja. Na katika albamu nzima, dakika karibu 72, silabi zenyewe ni sentensi moja fupi isiyo na maana, inayorudiwa na kupindwapindwa kutoka wimbo hadi wimbo.

Nilipolijua hilo nilikaa nalo siku nzima. Sentensi ni ile ile, na bado wimbo wa kwanza unafariji na wa saba unaomboleza. Basi kinachobeba furaha na huzuni ni nini, kama maneno hayajabadilika?

Watu wa muziki huliweka kundi hili kwenye fungu la posti-roki, jina lililoenezwa mwaka 1994 na mwandishi Mwingereza Simon Reynolds akiwataja wanamuziki wanaochukua vyombo vya roki, yaani gitaa, besi na ngoma, na kuvifanyia kazi ambayo si ya roki. Wengi wa fungu hilo humwondoa mwimbaji kabisa, au humweka mbali. Wapo Mogwai wa Glasgow, wapo Godspeed You! Black Emperor wa Montréal, wapo Explosions in the Sky wa Texas, na wote nimewasikiliza tangu hapo na kuwapenda. Lakini kwangu mimi hakuna lililonigusa kama walichofanya hawa wa Aisilandi. Wao hawakumwondoa mwimbaji. Walimwacha pale pale mbele, wakaondoa maneno tu. Ukisikiliza gitaa hutarajii likuambie kitu kwa sentensi. Ukisikia sauti ya mtu, moyo unajiandaa kuelezwa. Wanakuacha ukiwa umejiandaa hivyo kwa zaidi ya saa nzima.

Siku ile ya kwanza kuna kosa jingine nililolifanya, na nilicheka na kusikitika kwa pamoja nilipoligundua. Wimbo wa nne ulipokwisha, spika zikanyamaza. Nikangoja. Nikaona CD imekwama, nikabonyeza kitufe kuisukuma mbele. Kumbe ni kimya kilichowekwa makusudi, cha sekunde 36, kinachoigawa albamu mapande mawili. Nyimbo nne za mwanzo zina mwanga ndani yake, nne za mwisho ni nzito. Kati ya pande hizo ameachiwa msikilizaji nafasi ya kukaa, nami sikuikalia. Siku hiyo hiyo nilikuwa nimejaza kimya cha mama wa watu kwa neno lisilokuwa lake. Jioni nikafanya vile vile kwa kidole.

Nimelelewa na watu wa maneno, labda ndiyo sababu. Ami yangu, mdogo wa baba, alikuwa mpiga fidla wa taarabu pale Mji Mkongwe. Kuanzia nikiwa na miaka minane hivi alinichukua kwenye maonyesho nimbebee mkoba wa fidla. Taarabu asilia hufunguliwa kwa bashraf, kipande kirefu cha vyombo vitupu. Fidla, qanuni, udi, nai, akodiani, besi, dumbaki, vyote vinakwenda pamoja, na hakuna anayeimba. Ni urithi wa Waturuki uliotufikia kwa njia ya Misri, na vikundi vya kwetu, kama Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, vimeushika hadi leo. Kwangu mimi mtoto, bashraf ilikuwa muda wa kununua karanga. Watu wanaingia, wanasalimiana, wanatafuta viti, harufu ya udi na asumini imetanda. Nilikuwa nangoja mwimbaji apande. Nangoja fumbo. Nangoja kuona ni mama gani atakayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji huku akipitisha noti mbele ya uso wa mwenzake, na kesho yake mtaa mzima utafute kijembe kile kilimlenga nani.

Usiku mmoja tukirudi nyumbani ami aliniuliza, "Bashraf ya leo umeionaje?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia wimbo wa mwisho ulikuwa mzuri. Akaitikia "haya", tukaendelea kutembea.

Ukumbi ule ulinirudia nikiwa ndani ya gari Minneapolis, theluji imejaa kiooni, wiki ya pili au ya tatu ya kuisikiliza albamu ile. Wimbo wa tatu ndio ulionirudisha. Hauna sauti ya mtu kabisa. Ni piano inayorudia mzunguko mmoja, na kila unaporudi kuna kitu kimeongezeka chini yake, kinanda, nyuzi, mvumo, mpaka mwishoni piano inapanda juu kama mtu aliyepanda ngazi ya pili kutazama bahari ile ile. Ghafla nilikuwa nimeshika karanga, na ami yuko jukwaani amelaza kidevu kwenye fidla na kufumba macho. Miaka ishirini na kitu imepita. Sikuwahi kumsikiliza ami yangu hata mara moja.

Siwezi kusema kila kitu ndani ya albamu ni kizuri sawasawa. Wimbo wa tano, karibu dakika 10, ulinichosha mwanzoni, na hata sasa naona unakaa mno mahali pamoja. Wa sita pia ulinichukua muda mrefu kuuzoea. Nyimbo za mwisho mbili ndizo nisizoweza kuzisikiliza nikiwa na kazi nyingine mkononi. Wa saba una dakika 13. Unatambaa, unainuka, unaanguka, na sauti inaita jambo lile lile kama mtu aliye upande wa pili wa mto. Wa nane unaanza kwa unyenyekevu, gitaa na ngoma ndogondogo, na hapo katikati Orri Páll Dýrason, mpiga ngoma wao wa wakati huo, anaanza kuukaza. Anaukaza bila haraka kwa dakika nyingi, hadi vyombo vyote vinapasuka pamoja na huwezi tena kutenganisha kipi ni gitaa na kipi ni kelele. Kisha mkwaruzo ule wa mwanzo, na kimya. Ndio wimbo waliokuwa wakifungia maonyesho yao kwa miaka mingi, na sishangai. Baada ya pale utapiga nini tena?

Gitaa lenyewe linahitaji maelezo. Jón Þór Birgisson, huyo mwimbaji anayejulikana kama Jónsi, hulipiga gitaa la umeme kwa upinde wa selo. Hadonoi nyuzi, anazisugua, na mwangwi mrefu unalifanya lisikike kama upepo uliofundishwa kuimba. Nilipomwona kwenye video kwa mara ya kwanza nilimkumbuka ami na kile kipande cha ulimbo alichokuwa akikiweka kwenye sanduku la sigara, anaupaka upinde kabla ya kila onyesho. Mkono ule ule, chombo kingine. Georg Hólm ni wa besi, Kjartan Sveinsson wa vinanda, na nyuzi zimepigwa na Amiina, kundi la wanawake wanne. Mwingereza Ken Thomas alishirikiana nao kuitayarisha.

Nyimbo zenyewe hazina majina kwenye kasha, lakini wenyewe walikuwa nayo ya kuitana. Nyingi walikwisha kuzipiga jukwaani kwa miaka kabla ya kuingia studio. Ule wa kwanza waliuita Vaka, jina la binti wa mpiga ngoma. Wa tatu ni Samskeyti, maana yake kiungio. Wa mwisho waliuita wimbo wa pop, Popplagið. Hayo ni majina ya nyumbani, kama sisi tulivyo na jina la cheti na jina la uani.

Wapo wanaosema kwamba kutoa albamu isiyo na jina, isiyo na maneno, yenye kijitabu kitupu, ni madaha ya wasanii walioshiba. Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu natoka kwa watu wanaomheshimu mtunzi wa mashairi kuliko mtu yeyote jukwaani, na bado namheshimu. Kuandika beti nne zenye vina na mizani na fumbo lililosimama si kazi ndogo. Lakini nimesikiliza nyimbo nyingi zenye maneno yasiyo na mtu ndani yake. Hapa mtu yumo. Wale waliouliza maneno yako wapi, nadhani walikuwa na haraka niliyokuwa nayo mimi pale daktari alipotoa kalamu.

Septemba 2014 nilisafiri kwenda Ulaya kwenye harusi ya binamu yangu, na ndege ilipitia Keflavík, uwanja wa ndege wa Aisilandi. Niliomba nikae siku mbili. Sikwenda kuona chemchemi zinazoruka wala maporomoko makubwa ambayo wageni wote huyafuata. Nilipanda basi hadi Mosfellsbær, mji mdogo kilomita kama 15 kutoka Reykjavík, nikatembea hadi mahali panapoitwa Álafoss. Palikuwa na kiwanda cha sufu zamani, na duka la sufu bado lipo. Mto mdogo unapita pale, unaitwa Varmá, mto wa vuguvugu. Kando yake kuna jengo lililojengwa miaka ya 1930 kuwa bwawa la kuogelea. Sigur Rós walilinunua, wakalifanya studio, na albamu ya mabano ilirekodiwa humo. Studio inaitwa Sundlaugin, yaani bwawa la kuogelea, hawakujisumbua kutafuta jina jingine. Kabla ya hapo walikuwa wamefikiria kurekodi kwenye kituo kilichoachwa na NATO juu ya mlima kaskazini mwa nchi, wakaona ugumu wa kuvipandisha vyombo, wakaacha.

Sikuingia ndani. Sikuwa na miadi na mtu, na kugonga mlango wa watu walioko kazini si adabu. Nilisimama kwenye daraja dogo, kofia imenifunika masikio. Nikaivua. Maji yalikuwa yanaanguka kwenye mawe, maporomoko mafupi tu, na nyuma yake gari moja likapita, halafu maji tena. Nilikaa pale kiasi cha albamu nzima, nadhani. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mbwa alinisalimia kwa kichwa. Nilipopanda basi kurudi niliona sikuwa nimepiga hata picha.

Kazini nilibadilika taratibu, na mabadiliko yenyewe ni madogo kiasi kwamba anayenitazama kwa mbali hatayaona. Mgonjwa akitoa sauti isiyo neno, sasa siigeuzi kuwa neno. Nasema: mkalimani amesikia sauti ambayo kwa Kiswahili yaweza kuwa kukubali, kukataa au woga, na anaomba ruhusa amuulize. Madaktari wengine hukunja uso, maana dakika zao zimehesabiwa. Wengi hushukuru. Mgonjwa akinyamaza, nanyamaza naye. Nilikuwa naogopa kwamba wataniona sijui kazi, kwa hiyo nilikuwa najaza: "anafikiri", "hana swali". Siku hizi naweka mikono magotini na kungoja. Mara nyingi kinachokuja baada ya kimya ndicho kilichomleta mtu hospitalini.

Kuna mzee mmoja, naye nimemfichia kila kitu, ambaye alinyamaza kwa muda mrefu sana baada ya kuelezwa majibu ya vipimo. Muuguzi akanitazama mara mbili. Mzee alikuwa anapiga magoti yake kwa vidole, polepole, mdundo mmoja. Kisha akaanza kuvuma, mdomo umefumbwa, wimbo ambao siujui, labda wa kanisa lao, labda wa kwao kijijini. Zamani ningesema "anaimba" na kuliacha hapo, au ningemkatiza kwa heshima nimuulize ana swali gani. Nilimwambia muuguzi kwamba mzee anavuma wimbo usio na maneno, na kwamba sina cha kufasiri kwa sasa. Muuguzi akaweka faili mezani. Tukakaa watatu hadi mzee alipomaliza. Akasema, "Haya, sasa mniambie dawa nakunywa saa ngapi."

Kile kijitabu ninacho bado. Ukurasa wa kwanza una ile mistari yangu sita ya penseli, silabi ambazo si za lugha yoyote, nyingine nimeziwekea alama ya kuuliza. Sikuifuta. Kurasa kumi na moja zilizobaki sijaziandika kitu.

Mwaka 2017 nilikwenda nyumbani likizo. Ami alikuwa amekwisha kuacha jukwaa, vidole vimekaza, sikio la kushoto halisikii vizuri. Fidla iko juu ya kabati ndani ya mkoba ule ule. Baada ya chakula cha mchana tulikaa barazani, nikamwambia nina kitu nataka akisikie. Nikamvisha vipokea sauti vyangu, nikaongeza sauti upande wa kulia, nikaanzisha wimbo wa kwanza.

Alisikiliza kama wazee wa taarabu wanavyosikiliza, uso umeelekea chini, kidole kimoja kinahesabu. Mwimbaji alipoingia aliinua kichwa.

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu, ami."

"Lugha gani?"

"Si lugha. Ni sauti tu."

Akaitikia kwa ile mmh inayoshuka taratibu, nami sikuongeza neno. Wimbo wa pili ukapita. Wa tatu, ule wa piano, ulipofika katikati niliona mkono wake wa kushoto umejikunja juu ya goti na vidole vinabonya nyuzi ambazo hazikuwapo, vile vidole vilivyokaza, kimoja baada ya kingine. Nilitaka kumwambia habari za bashraf na karanga. Niliacha.

Wa nne ukaisha, ukaja ule muda wa kimya. Nilimtazama nione kama atavua. Hakuvua. Alibaki vile vile, macho kwenye njia, mpaka wa tano ulipoanza. Ukiwa bado unaendelea, adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikiti wa jirani, akavivua vipokea sauti na kuviweka kwenye mkeka kwa uangalifu, akaenda kutia udhu.

Aliporudi kutoka msikitini alikaa pale pale alipokuwa amekaa, akanyoosha mkono.

"Tuliishia wapi?"